Nikiganda nyuma ya semi mafuta yanapungua, ni upepo kweli au najidanganya?

Swali la msomaji: Shikamoo Injinia. Mimi nina IST, kila wiki natoka Morogoro naenda Dar na kurudi. Kawaida yangu pakiwa peupe natembea 110. Sasa wiki mbili hizi wakati wa kurudi nimekuwa nikipata semi la kontena pale Chalinze naganda nyuma yake mpaka Moro, na kiukweli mafuta yanabaki mengi kuliko zamani. Jamaa yangu anasema ni kwa sababu semi linakukatia upepo. Ni kweli? Na mbona semi likija mbele tukipishana gari linasukumwa pembeni afu linavutwa? La mwisho, nasikia Ulaya malori yanatembea yamegandana kama treni, kompyuta ndo inashika breki, je huku haiwezekani?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la kwanza maana ndo lenye hela. Jamaa yako hajakosea, semi linakukatia upepo kweli na jambo lenyewe limeshapimwa sana. Ila sehemu kubwa ya hayo mafuta yaliyobaki kwenye tenki lako hayajaokolewa na kontena, yameokolewa na yule dereva wa semi aliyekulazimisha utembee 80. Twende kwenye hesabu utaona mwenyewe.

Hewa tunaichukulia kama kitu ambacho hakipo, kumbe ina uzito. Chukua boksi la mita moja kwa mita moja kwa mita moja, hapo Dar hewa iliyomo ndani ina kilo moja na ushee. IST yako ukiitazama kwa mbele ina eneo la kama mita za mraba mbili na kidogo, ukiwa 110 unakwenda mita 30 na nusu kila sekunde, zidisha hapo utakuta kila sekunde moja njia unayopita ina hewa ya karibu kilo 80. Yaani ni kama mtu mzima na mwili wake kasimama mbele ya bampa unamwambia pisha, sekunde inayofuata mwingine, pisha, hivyohivyo mpaka Kibaha. Kile kibodi cha duaradufu na kioo kilicholala vinasaidia huyo mtu apite juu kwa adabu, ila bado kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa na petroli.

Sasa ukinzani wa hewa una tabia moja mbaya, haupandi sawasawa na spidi, unapanda kwa spidi mara spidi. Ukitoka 55 kwenda 110 spidi imezidi mara mbili ila upepo umezidi mara nne. Kwa gari la umbo kama lako (hizi ni hesabu za kukadiria, gari na gari linatofautiana) ukiwa 110 upepo unakusukuma kurudi nyuma kwa nguvu kama ya kilo 38, ukiwa 80 ni kilo 20 tu. Halafu kuna ukinzani wa tairi kuviringika kwenye lami, huo haujali sana spidi, weka kilo 13 hivi. Jumla yake: 110 injini inapambana na kilo 51, 80 inapambana na kilo 33. Kilo 18 zimeondoka na hapo hujamfuata mtu yeyote, uko peke yako barabarani unasikiliza redio.

Sasa ongeza semi. Ukikaa nyuma yake kwa umbali wa dereva mwenye akili timamu, yaani sekunde mbili, ambayo kwa 80 ni kama mita 44, upepo wako unapungua labda kwa sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Sehemu moja ya kumi ya kilo 20 ni kilo 2. Basi! Kilo 18 umepewa na mguu wako ulioachia mafuta, kilo 2 au 3 umepewa na kontena. Najua inauma maana stori ya kujificha nyuma ya lori ni tamu kuliko stori ya kupunguza spidi, ila ndo hivyo. Na usitegemee mafuta yashuke kwa asilimia zilezile za hizo kilo, injini ya petroli ikifanya kazi nyepesi inakuwa na uzembe wake, lakini mwelekeo ni huohuo.

Utaniuliza sasa, je nikisogea karibu zaidi? Hapo ndo kuna utamu wa fizikia na ndo kuna kifo, kwa hiyo nielezee vyote viwili.

Watu wengi wanadhani upepo unakuzuia kwa mbele tu, kama vile unasukuma mlango. Nusu ya ukweli. Kwa chombo chenye mgongo bapa kama semi, basi au Noah, sehemu kubwa ya shida iko nyuma. Hewa inapita pembeni na juu, ikifika ukingo wa nyuma haiwezi kukata kona ghafla ifunge pengo, inachanika na kuendelea mbele, inaacha nyuma ya lori shimo la hewa lenye presha ndogo. Presha ya mbele inasukuma lori kurudi, presha ndogo ya nyuma inalivuta kurudi, yaani dereva anapigwa mbele huku ameshikwa shati kwa nyuma.

Ushahidi unao nyumbani. Angalia Noah au Hiace iliyotoka barabara ya vumbi, kioo cha nyuma kimejaa vumbi mpaka watoto wanaandika majina kwa kidole, wakati kioo cha mbele kilichokuwa kinakabiliana na njia kiko afadhali. Vumbi limefikaje mgongoni kwa gari linalokimbia kulikimbia hilo vumbi? Limevutwa. Hewa ya nyuma pale inazunguka, inapanda toka chini kwenye matairi na kurudi mbele kugonga kioo. Ndo maana magari ya mgongo bapa yanatoka kiwandani na waipa ya nyuma, saluni yenye buti ndefu mara nyingi haina.

Miaka ile nafundisha, enzi hizo mifuko ya rambo haijapigwa marufuku, tulichukua lori la bodi ya boksi tukabandika vipande vya uzi wa sufi kwa selotepu, urefu wa shubiri moja moja, ubavuni na kwenye milango ya nyuma, vijana wakapanda pikapu na kamera tukatoka barabara ya Dodoma asubuhi kabla upepo haujaamka. Ubavuni nyuzi zote zililala zimeelekea nyuma zimenyooka kama nywele zilizochanwa, hakuna ajabu. Kwenye milango ya nyuma ilikuwa vurugu. Nyuzi za katikati zilikuwa zimesimama zinapanda juu, zile za pembeni zinapinda kuelekea katikati, nyingine zinazunguka tu kama zimepotea, hakuna hata moja iliyotulia kuelekea kule lori lilikotoka. Halafu bila kupangwa rambo jeusi likarushwa na tairi, likaingia pale nyuma likawa linapanda na kushuka mle, linagusa mlango, linaachia, linagusa tena, lori liko 70 na rambo linasafiri nalo bila nauli, baadaye ndo likatoka pembeni likatupwa. Mwanafunzi mmoja akasema "mwalimu, kumbe pale nyuma hakuna upepo". Nikamwambia upepo upo, ila unasafiri na lori.

Na hiyo ndo siri nzima. Ukiingia kwenye hiyo hewa inayosafiri na lori, kwako wewe ni kama spidi ya upepo imeshuka. Spidimita inasoma 80 lakini bampa linaona 60 au chini ya hapo, na kwa sababu ile ya spidi mara spidi, punguzo dogo la upepo linaleta punguzo kubwa la nguvu. Kuna kipindi cha televisheni cha Marekani kiliwahi kupima gari dogo nyuma ya semi kwa kama kilomita 90 kwa saa. Mita 30 walipata nafuu ya asilimia 11 hivi, wakisogea inapanda, mita 3 ikafika karibu asilimia 40. Walipojibana zaidi mpaka kama sentimita 60 nafuu ikashuka badala ya kupanda, maana dereva alikuwa anakanyaga na kuachia, kanyaga achia, ili asigonge, na huo mchezo wa mguu unakula mafuta.

Rekodi za kutisha zaidi ni za baiskeli. Mwaka 1899 Mmarekani mmoja anaitwa Charles Murphy alitandikiwa mbao katikati ya reli kule Long Island, akapanda baiskeli nyuma ya behewa lililojengewa kibanda cha kumkinga upepo, akakata maili moja kwa sekunde 57.8, yaani kilomita 100 kwa saa kwa kupiga pedali. Mwisho wa safari ilibidi wamkwapue yeye na baiskeli wamwingize ndani ya behewa. Na mwaka 2018 mama mmoja, Denise Mueller-Korenek, kwenye jangwa la chumvi la Bonneville nyuma ya gari la mashindano lenye kibanda kama hicho, akafika kilomita 296 kwa saa. Kwa baiskeli! Anayejua baiskeli anajua hata 60 kwenye tambarare ukiwa peke yako ni shughuli, kwa hiyo hapo unaona kabisa adui wa baiskeli ni hewa, miguu inasingiziwa tu. (Wale vijana wa Burundi wanaoshikilia malori mlimani hao ni habari nyingine, wao wanavutwa kwa mkono, upepo hauhusiki kwa spidi ile.)

Haya, sasa kifo. Mita 10 kwa 80 ni chini ya nusu sekunde. Binadamu mwenye afya, hajachoka, hajashika simu, toka taa ya breki iwake mpaka mguu wake uguse pedali inapita kama sekunde moja, na mara nyingi zaidi. Sekunde moja kwa 80 ni mita 22. Kwa hiyo semi likikamata breki kali na wewe uko mita 10, mguu ukija kufika kwenye breki yeye ameshapunguza spidi na wewe bado uko 80, na pengo lililobaki ni dogo mno, na ile pua ya IST iliyotengenezwa ibonyee ili ikulinde haina cha kugongana nacho, bampa lako liko chini ya kitako cha tela, boneti linaingia chini, kinachokutana na chuma cha tela ni kioo na vichwa vyenu. Mimi nimeshaenda kukagua gari lililofia hivyo, sitaki kulielezea.

Na hilo ni la breki tu. Nyuma ya semi huoni tuta, huoni shimo, huoni ng'ombe, dereva wa semi anaweza kulipitisha shimo katikati ya matairi yake bila hata kulikwepa na wewe ukalikuta limekukodolea macho. Kokoto zinaruka kwenye kioo. Moshi wa dizeli na vumbi la breki vyote vinaingia kwenye AC yako. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii, redieta yako inapozwa na upepo uleule unaoukwepa. Umeukimbia upepo, feni inalazimika kufanya kazi ambayo upepo ulikuwa unaifanya bure, mchana wa jua la Chalinze gari likiwa na redieta iliyochoka sindano ya joto itakukumbusha.

Kwa hiyo umbali ule wenye faida ya maana ndo umbali ule usioruhusu kosa, na umbali salama faida yake ni makombo.

Kabla sijaenda swali la pili kuna kitu kizuri nisikipite, nacho ni kwamba hata wa mbele anapata faida. Watu wanabisha sana hapa, wanasema anayefuata anaiba, anamlemea wa mbele. Hapana. Ukilijaza lile shimo la presha ndogo nyuma ya mwenzako, unampunguzia kuvutwa shati. Bert Blocken, profesa aliyepima sana upepo wa waendesha baiskeli kule Eindhoven, alionyesha kwamba mwendesha baiskeli akifuatwa kwa karibu hata yeye wa mbele anapata nafuu ya asilimia chache. Na kama ulimwangalia Eliud Kipchoge pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, utakumbuka wale wakimbiaji wa kumsindikiza, 41 kwa kupokezana, watano mbele wamejipanga kama V iliyofungukia mbele na wawili nyuma yake. Wengi waliuliza wale wawili wa nyuma wanafanya nini, wanamkinga na nini? Wanajaza shimo. Kwa mtu anayekimbia kilomita 21 kwa saa upepo sio mkubwa kivile, lakini kwa masaa mawili kila kidogo kinahesabiwa. Treni pia ni hivyohivyo, mabehewa ya SGR yakiwa yamebanana na kiungio kimefunikwa, behewa la tatu haliupasui upepo upya, linapita kwenye njia iliyoshapasuliwa. Treni ya makontena ikiachwa na mapengo katikati, behewa moja lina mzigo moja tupu, inakula nguvu zaidi ya ile iliyopangwa kontena zote pamoja, uzito ukiwa uleule.

Swali la pili, kusukumwa na kuvutwa. Semi linapokuja linasukuma mbele yake bonge la hewa lenye presha kubwa, kama maji mbele ya pua ya jahazi. Mnapokutana pua kwa pua hilo bonge linakugonga ubavuni, unasukumwa kuelekea nje ya barabara. Sekunde haijaisha, ubavu wa tela unapita, pale katikati yenu hewa inakimbia na presha imeshuka, unavutwa kuelekea kwake, halafu mkia wake unakupiga vurugu ya mwisho. Wewe ukiwa 110 na yeye 80 mnapishana kwa 190, kwa hiyo yote hayo yanatokea kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kosa wanalofanya watu ni kujibu ule msukumo wa kwanza kwa kukata usukani kuelekea katikati, wakati huohuo mvuto unaanza, vyote viwili vinakupeleka upande mmoja, upande wa semi. Shika usukani kwa mikono miwili, wacha uchezecheze, usipigane nao, na punguza spidi kabla ya kukutana. Gari lenye ubavu mrefu kama Noah linaonja zaidi yako, na bodaboda ndo usiseme, basi la mikoani linapompita karibu anasukumwa kwanza afu anavutwa kuelekea matairi ya nyuma.

Na hiyo sukuma-vuta ina historia yake. Miaka ya 70 kulikuwa na injinia wa NASA anaitwa Edwin Saltzman, alikuwa anaendesha baiskeli kwenda kazini kule jangwani California, malori yakimpita anasukumwa kisha anavutwa, wengine tungetukana tu tukaendelea, yeye akaanza kujiuliza lori linapoteza nguvu kiasi gani kunisumbua mimi. Wakachukua gari la van wakalifunika kwa mabati likawa boksi tupu lenye kona kali, wakalipima, halafu wakaanza kuzungusha kona za mbele moja moja. Kuzungusha kona tu kulipunguza ukinzani kama nusu. Ukiona leo kichwa cha semi kina kona za mviringo na kile kibao kilichoinama juu ya kabini kinachorusha hewa ipite juu ya kontena, ujue kazi za namna ile ndo zilizokileta. Bahati mbaya huku kwetu hicho kibao kikivunjika watu wanakitupa, au kinaachwa kichwa kinavuta tela la flatibedi wakati kibao kiko juu kinakamata upepo bure. Na turubai lililolegea linalopiga makofi njia nzima nalo ni dizeli inayopiga makofi.

La tatu, malori yanayotembea kama treni. Hilo lipo, sio uzushi, na wamelihangaikia muda mrefu. Agosti 1997 kule San Diego, California, magari manane ya Buick yalitembea barabara kuu yameachana mita 6.5 tu, kompyuta inashika mafuta na breki, abiria wamekaa wanapunga mkono. Kompyuta ndo inafanya iwezekane kwa sababu haina ile sekunde moja ya mguu wa binadamu, gari la mbele likigusa breki linatuma taarifa kwa redio na la nyuma linashika karibu wakati huohuo. Mwaka 2014 maabara ya nishati ya NREL ya Marekani ilipima semi mbili zilizounganishwa hivyo, umbali wa toka mita 6 mpaka 23. La nyuma liliokoa mafuta mpaka asilimia 9.7, na la mbele, lile ambalo watu wangesema linaibiwa, mpaka asilimia 5.3. Na walipolisogeza la nyuma karibu sana nafuu yake ikaanza kupungua, sababu mojawapo ni feni ya redieta, kitu kilekile nilichokwambia cha IST yako.

Ulaya nako 2016 malori ya kampuni sita yalitoka nchi mbalimbali yakakutana Rotterdam kwa mtindo huo, magazeti yakaandika sana. Lakini angalia kilichofuata. MAN, watengeneza malori, na DB Schenker, wasafirishaji wa mizigo, walipoyapeleka kwenye kazi halisi ya kubeba mizigo kati ya Munich na Nuremberg, nafuu ikawa asilimia 3 mpaka 4. Na Januari 2019 Daimler, wakubwa kabisa kwenye malori, wakasema sisi basi. Sababu yao inaeleweka na dereva yeyote: kwenye barabara ya kweli watu wanaingia katikati, msafara unakatika, la nyuma linalazimika kukanyaga mafuta kumfikia mwenzake, na ile dizeli ya kumkimbilia inakula faida yote iliyopatikana.

Huku? Hebu fikiria barabara yetu ya njia mbili, moja kwenda moja kurudi. Semi tatu zimegandana, kila moja mita 18, mapengo mawili ya mita 10, hilo ni dude la mita 74. Wewe unataka kuovateki, wao wako 80 wewe 100, kulimaliza tu dude lenyewe ni sekunde 13 uko upande usio wako, hapo sijahesabu kutoka na kurudi kwenye njia yako, na umeshakwenda zaidi ya mita 350 ukiangalia taa za basi linalokuja. Bado hujakutana na tuta, trafiki, mizani ya Vigwaza, punda. Ukija Kitonga kila lori linapanda kwa gia yake kulingana na mzigo wake, huwezi kuwaunganisha hata kwa kamba. Mimi mwenye malori akiniuliza aweke hela wapi, namwambia aanze na presha za tairi, kibao cha juu ya kabini na spidi ya dereva, hayo ya kompyuta tutayaongea siku tukiwa na njia nne toka bandarini mpaka Tunduma.

Kama bado huniamini hizo kilo 18 kwa 2, pima mwenyewe, ni rahisi. Jaza tenki Chalinze mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze tone, tembea mpaka Moro peke yako kwa 80 bila kumfuata mtu, jaza tena pampu ikate yenyewe, andika lita na kilomita. Wiki inayofuata fanya hivyohivyo, kituo kilekile, pampu ileile, saa ileile maana upepo wa mchana sio wa asubuhi, ila sasa mfuate semi kwa sekunde mbili: likipita nguzo hesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, ndo wewe uifikie. Safari moja moja hazitoshi, fanya tatu tatu. AC iwe hali ileile, na presha ya tairi usipime kwa macho. Halafu mara ya mwisho nilipoona IST za Moro nyingi zilikuwa na keria juu, kama na yako ipo na haina mzigo, ishushe kabla hujaanza kupima.